Barua iliyokuwa chini ya godoro

Jumanne jioni

Mwanangu Nasra ametoka kuivuta ile barua ya deni la kodi ya mapato chini ya godoro, akanikabidhi kwa mikono miwili kama zawadi. Wiki iliyopita ningelia. Leo nimecheka mpaka naye akacheka.

Nilipojifungua nilirudisha ufunguo wa fremu yangu ya duka Kariakoo, nikabeba cherehani yangu nikaja kushonea hapa nyumbani Buguruni. Nikadhani fremu ikifungwa na kodi imekwisha. Kumbe huko ofisi ya mapato, kwenye vitabu vyao, bado nilikuwa na duka.

Nilikuwa naogopa kwenda bila hela. Leo nimekwenda hivyo hivyo, mikono mitupu, mtoto mgongoni. Kaka wa dirishani akaniuliza, "Sasa dada, umefunga duka bila kutuaga?"

Nikamwambia nilikuwa uzazini. Akamchungulia Nasra. "Hongera. Lakini ungetuaga."

Deni halijafutwa. Ila nilimweleza ukweli, mimi hela naiona karibu na Idi na shule zikikaribia kufunguliwa, miezi mingine napunguza suruali za watu tu. Akaenda kumuuliza mkubwa wake. Akarudi, akaniandikia nilipe kidogo kidogo, na miezi ya sare nilipe zaidi.

Bado naogopa, sidanganyi. Malipo ya kwanza ni mwisho wa mwezi huu, na mezani nina gauni moja tu la kumalizia. Nikipata japo sare mbili tatu

Mama mwenye nyumba ananiita uani. "Mama Nasra, toka na futi yako! Kuna mama hapa ana watoto wanne wa shule!"

Basi ngoja nika