Benchi la Nyuma, Ihanda

Mama Neema,

Salamu kutoka Ihanda. Wanachuma kahawa, na baridi inakata masikio.

Jumapili kanisani, binti aliyetengwa kwa kuzaa kabla ya ndoa aliketi na mwanawe benchi la nyuma. Baba yake, mkulima na mzee wa kanisa, akatoka mbele kumfuata. Mzee mwenzake akamzuia: "Rudi, mzee, hajatubu hadharani."

"Mungu Baba hasubiri kikao chetu ndipo asamehe," baba akamjibu, kisha akamwambia bintiye: "Sogea, mama, nimpakate mjukuu wangu."

Nimebishana na wachungaji wengi nikawashinda. Mkulima huyu amenishinda. Neema nilimfukuza kwa kosa hilohilo. Leo nimempigia simu, nimemwomba radhi. Anarudi Ijumaa. Mfungulie chumba chake. Majirani wakiuliza, waambie wanisubiri mimi.

Mungu akutunze, wewe uliyenisihi nami sikusikia.

Baba Neema