Ubavu wa Kushoto wa Kompyuta ya Mjomba

Songo, Uvira
Jumatatu, 10 Julai 2023

Mpendwa Mjomba Sévère,

Kuna mlio unaonifuata hata kanisani: "tii" moja, fupi na kavu, ambayo kompyuta yako ilitoa nilipoiwasha kwa mara ya kwanza. Mama mdogo Célestine alishika kifua akasema, "Mungu wangu, iko nzima!"

Kabla sijaendelea, u hali gani huko Kinshasa? Kikohozi kimekuachia? Mkeo na watoto wanaendeleaje? Sisi tunashukuru. Mama amepona mgongo, mama mdogo anauza visamaki vyake vya ndagala kama kawaida, na ziwa limerudi nyuma kidogo, ingawa bado limeshikilia njia ya pwani.

Uliniandikia kwamba chuo unakofundisha kimetenga chumba cha mashine za zamani, na kwamba yako, ile uliyofungulia sekretaria ya kuchapia watu barua hapa Songo, itapokelewa ikiwa tu ina vipande vyake vya asili. Najua unavyotamani jina lako lisomeke mle. Ndani nimesafisha kote, na betri iliyovuja nimeitoa. Kilichokosekana ni bamba la ubavu wa kushoto.

Nilidhani bamba ni nguo tu. Kumbe sivyo. Ubavu ukiwa wazi, kompyuta inaganda baada ya muda mfupi; nilipouziba kwa katoni ya sabuni, iliendelea hadi jioni. Nikajiuliza: feni ni ileile, joto ni lilelile, katoni imeongeza nini? Nikawasha dawa ya mbu nikafuata moshi wake kwa macho. Ubavu ukiwa wazi, moshi unaingia na kutoka palepale, bila kugusa kitu. Ukifungwa, unalazimika kupita juu ya vyuma vya moto ndipo upate mlango wa nyuma. Nilicheka peke yangu. Tangu hapo sipiti karibu na kitu chenye matundu bila kujiuliza ni nani aliyeyapanga.

Kwanza nilijaribu bati la paa tuliloliokota baada ya mafuriko ya mto Mulongwe. Niliponda migongo yake mpaka mkono ukavimba, lakini mawimbi hayakwisha, na feni ikizunguka bati lote linavuma. Ndipo nikamwendea Ciza, jirani yetu anayechomelea milango. Akanikatia ubavu wa friji iliyokufa maji, chuma kilichonyooka vizuri.

"Docteur Laure," akasema, "mugonjwa wako anavaa saizi gani?"

"Sijui bado."

"Basi lete kanzu yake ya zamani! Minye sishone kwa ndoto."

Ndiyo sababu nilimuuliza mama mdogo lilikokwenda bamba la zamani. Aliendelea kupepeta ndagala, kisha akasema, "Liko kwa baba."

Mjomba, babu Nyandwi alipofariki, Mei ya mwaka ule wa mafuriko, wewe ulikuwa umefungiwa Kinshasa kwa ajili ya korona na ndege haziruki. Hukuona tulivyokuwa. Kila ubao wa Uvira ulikuwa unagombewa na watu walioangukiwa na nyumba. Mama mdogo alitafuta kitu kisichooza cha kuandikia jina la baba yake. Akafungua bamba lako, akaandika kwa rangi ya bluu ya mitumbwi, akalichomeka kichwani mwa kaburi.

Nilikwenda nikalikuta limeinama, na nyigu wamejenga nyuma yake. Nilipiga magoti nikalichora juu ya katoni, tundu kwa tundu. Lakini nilisahau kuongeza unene wa mikunjo, na bamba la kwanza likagoma kuingia. Ciza alicheka mpaka akavua miwani: "Mutoto amekua, kanzu imebaki!" La pili liliingia, likakaa kimya.

Mama mdogo hakunikataza kuling'oa la zamani. "Iko mali ya kaka yangu," alisema. "Siku ile nilikuwa na chuma kimoja tu mu nyumba. Kama anakitaka, ukitoe. Weye ulisoma, amua." Kisha akanipa kisogo.

Nimefikiri sana, Mjomba. Ningeweza kupeleka chuma cha friji makaburini na kukurudishia chako, nawe ungepata nafasi katika chumba kile. Lakini siku ya mazishi wewe hukuweza kufika, na kitu chako kilifika.

Mama anakusalimu, mama mdogo pia, na Frédéric mdogo wangu anauliza lini utakuja. Nisalimie Mama Ciribagula mkeo. Mungu azidi kuwafunika huko mliko.

Jumamosi mimi na Ciza tulipeleka simenti makaburini. Bamba lako tumelisimamisha wima, jina la babu nimelipaka upya, na miguu ya bamba imekwisha kushikwa na simenti. Kompyuta imeondoka asubuhi hii kwa gari la Bukavu, ikiwa na ubavu wa friji. Upande wa ndani nimegonga kwa msumari "Songo, 2023", ili watakaoifungua wasidanganyike.

Mpwa wako akupendaye, na leo akuogopaye kidogo,
Laure