Mtungi wa Chumba cha Jenereta

Meru, Jumanne

Yule muuzaji wa mitungi bado simwamini. Kaleta mitambo miwili ya kuzima moto kwa gesi ya kaboni. Mmoja una mpira, naushika mwenyewe na kuulenga motoni. Wa pili hujaza gesi chumba kizima mpaka moto ukose hewa. Bwana mkubwa, mwajiri wangu, kaupenda huo.

Nikauliza, "Na mtu aliye ndani?"

"Atoke kwanza," muuzaji akasema.

Atokee wapi? Tangu Hali ya Hatari itangazwe, homugadi, yule mlinzi wa serikali, hunifungia kwa nje kila jioni humu ninamoendesha jenereta, eti nisiwapelekee watu wa msituni dizeli. Kufuli ni la bwana mkubwa.

Nilipomkumbusha, akasema tutaona, kisha akatia sahihi kuununua ule wa pili.

Anaogopa moto, na ananiogopa mimi. Mtungi mmoja unamtosha.