Kichana Kilichomshinda Mama Safi

Kasuku, Kindu

Dada Riziki, habari za hapo nyumbani?

Daktari niliyekuja kumhoji kuhusu makala yake ya magonjwa ya kuvimba misuli amesema leo hapa nyumbani kwake, baada ya vipimo: Mama Safi, mwenyeji wangu, si mvivu, ni mgonjwa.

Wifi yake akacheka: "Anakimbia kazi ya kutwanga majani ya sombe, huyu!"

"Wakati wa vita nilibeba kinu na mutoto kwa miguu mpaka kule Tunda," Mama Safi akajibu. "Leo kichana kinanishinda. Uvivu njo huo?"

Daktari akafungua makala, akamsomea wifi: wagonjwa hawa hushindwa kuinua mikono wajichane.

Wifi akachukua kichana, akasema, "Kaa hapa, nikusuke. Hauendi hospitali na kichwa hiki."

Wabusu watoto. Dawa za Mama Safi zinaanza hospitali Jumatatu, saa mbili asubuhi. Wifi ndiye atakayempeleka.

Kakako, Musa