Bakuli Lililofunikwa

Kata ya Ramadhani, Njombe

Mjukuu wangu Tabea,

Kosa la wengi ni kudhani kitenzi cha Kiingereza "keep" ni kutunza tu, basi. Umeniuliza kwa ajili ya wanafunzi wako huko Makambako, na mwalimu mstaafu hakatai swali. Anayefuga ng'ombe hutajwa kwa neno hilo. Anayetimiza ahadi pia, anayenyamaza, anayemchelewesha mgeni, hata anayeendelea kulima mvua ikinyesha. Nimelifundisha miaka mingi, na bado nastaajabu neno dogo hivyo kubeba yote hayo.

Huku baridi imeanza, na viazi tumeshavuna. Hujauliza habari za bibi yako, nami naelewa. Siku uliyotuambia una mimba alikutolea maneno makali, ukaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo, kila jioni anakupakulia chakula kwenye bakuli lako la bluu na kulifunika kwa sahani. Juzi nilinyoosha mkono, akanirukia.

"Baba Amon, acha! Hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe si yuko Makambako?"

"Kwani Makambako ni mbinguni? Watu hawarudi?"

Asubuhi hukila yeye mwenyewe, kimepoa, na jioni hupakua kingine. Kiingereza hajui hata neno moja, lakini kitenzi chako nilikiona kwake kizima.

Siku utakayopata barua hii, ukitoka darasani, panda gari la Njombe uje ule.

Babu yako,
Danieli