Siku ya Benchi

Baba Namsifu,

Koti lako la Ulaya limerudi kutoka kwa fundi. Amelileta jana, mikono imefupishwa kama ulivyotaka, na vifungo ni vile vyeusi ulivyovigombania. Fundi alikuwa kwao Usangi tangu kabla ya msiba, hakusikia kitu. Alibisha hodi, akalikunjua koti pale pale mlangoni, akasema, "Mwalimu aje alivae tuone." Nikamwambia Mwalimu hayupo. Akasema basi atapita kesho. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Namsifu ndiye aliyemkimbilia njiani, na mzee wa watu akarudi kofia mkononi, akakaa jikoni kwangu akalia kuliko mimi. Mimi sikulia. Nilitundika koti kwenye msumari wako, nikalitazama mpaka makande yakaungua.

Najua husomi. Zamani nikikuandikia ulikuwa unanirudishia barua zangu na wino mwekundu, hapa herufi kubwa, hapa nukta. Sasa nitakosea nipendavyo, na wala hainifurahishi.

Utauliza kwanza habari ya safari yetu ya Ulaya, nakujua. Meli bado ipo. Sista wa misheni ameandika kwamba chumba chetu kwake bado ni chetu, na kwamba nisiogope, niende peke yangu, atanipokea bandarini mwenyewe. Namsifu naye hanipi nafasi ya kupumua, ameacha mume na watoto kule Mwanga kwa ajili ya hili: "Mama, nenda. Baba angetaka uende." Ndugu zako hawataki hata kusikia. Wanasema mjane anayepanda meli kaburi la mumewe halijaota nyasi, huyo alikuwa anangoja. Na watu wa meli wanataka jibu kabla masika hayajaisha. Kila mtu ananiuliza, na kila mtu namwambia kesho.

Hukuwahi kujali maneno ya watu, na safari hii waliisema tangu mwanzo. Watu wetu wako radhi kuuza ng'ombe ili washitaki kesi ya kuku, lakini mtu auze kahawa yake akaone ziwa la wenyewe, huo kwao ni wazimu. Wewe ulicheka tu. Ulisema umefundisha mito ya Ulaya mpaka ramani ya ukutani ikachanika kwa kuchapwa na fimbo yako, na mto mkubwa uliouona kwa macho yako ni Pangani. Kwa hiyo ulipostaafu, na Sista akaandika kutoka kwao Uswisi kwamba milango iko wazi, yeye aliyenizalisha Namsifu katika zahanati ya misheni kabla hajazeeka, hukulala. Ulitandika ramani juu ya meza ya chakula na kuipanga Ulaya nzima. Jenoa, Roma, Zuriki, Parisi, Londoni, Hambagi, na nyingine nimezisahau. Leo tunafika, kesho tunaondoka. Nilisimama nyuma yako na sahani za ugali mkononi, hapakuwa na pa kuziweka, nikakuambia, "Mwalimu, hii si safari. Huku ni kukimbizwa na nyuki."

Ulinuna siku nzima. Halafu jioni ulirudi kutoka shambani na matope mpaka magotini, ukakaa, ukasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Ulisema, "Ndiva haifunguliwi kabla haijajaa." Ulikuwa umetoka huko ndivani, kulifungua lile bwawa letu mapema kwa sababu ya haraka, na maji yakafika nusu ya mfereji yakafa. Migomba ya chini haikupata hata tone. Ukasema watu wawili wenye umri wetu, mmoja ana goti bovu, wakiondoka Jenoa kabla hawajajaa watafika Zuriki matope matupu. Ukachukua kalamu ukafuta Roma. Ukafuta Parisi, kwa uchungu, niliona. Londoni hukuifuta kwa uchungu hata kidogo, ukasema hao tumewaona vya kutosha hapa hapa bomani. Zikabaki Jenoa, Zuriki na Hambagi. Kila mji ukaupa siku za kutembea, na baada ya kutembea siku ya kukaa. Na Uswisi, kwenye lile ziwa la kwenye kalenda ya zahanati, ukaweka siku moja ukaiita siku ya benchi.

Uliniuliza nataka kuona nini Ulaya. Nikasema sitaki kuona kitu. Nataka kukaa. Tangu nijue kutembea sijakaa mchana bila kitu mkononi. Kama si jembe ni maharage ya kupukuchua, kama si maharage ni mtoto wa mtu. Nataka nikae kando ya maji, mikono imelala mapajani, wewe pembeni, na asipite mtu wa kuniuliza mbona umekaa. Hukucheka. Ulisema, "Basi hiyo ndiyo safari. Hizo nyingine ni njia."

Na mazoezi yako, mume wangu! Mwili haujui jina la mji, ulisema, unajua joto na mlima tu, kwa hiyo tuifanye safari kwanza hapa kwetu. Tukashuka Kisiwani, kwa kuwa Kisiwani ni Bahari ya Shamu. Tukalala kwa shemeji yako usiku mbili, na wewe ukazunguka katika jua lile umebeba koti zito la jeshi mkononi, kwa sababu melini koti linabebwa halivaliwi. Wachunga ng'ombe waliacha ng'ombe wao wakakutazama. Mmoja alikuuliza, "Shikamoo Mwalimu, kuna baridi inakuja?" Ukamjibu marahaba, inakuja, iko Uswisi. Baadaye tukakaa Same karibu na stesheni, hiyo ndiyo Jenoa, tuzoee kulala treni ikipiga kelele. Goti langu lilivimba, ukaongeza siku ya kukaa Jenoa, ukaipunguza Hambagi. Nikakuambia Hambagi watalalamika. Ukasema waje hapa kwetu Mamba walalamike.

Halafu tukapanda Chome, hiyo ndiyo Uswisi. Sijui niiandikeje Chome. Uliazima benchi kanisani, ukalibeba kichwani wewe mwenyewe, mwalimu mzima, ukaliweka kuelekea msitu, na ukungu umeshuka hata miti haionekani. Ukasema, "Lile kule ndilo ziwa." Tukakaa. Ulinifunika nusu ya koti, na mikono ya koti ilikuwa mirefu ikameza vidole vyako, ndipo ukasema itabidi liende kwa fundi. Watu walianza kuja mmoja mmoja. Mama mmoja alisimama na mzigo wa kuni akauliza kwa huruma kabisa, "Mmefiwa?" Ukamwambia hapana mama, tunapumzika. Alikaa kidogo akitutazama, akaenda zake, na baada ya muda akatuletea viazi vya moto kwenye jani la mgomba, maana hakuamini. Nilicheka mpaka goti likaacha kuuma. Ilikuwa mara ya kwanza mikono yangu kulala mchana.

Kijiji cha Bendera tu ndicho kilibaki, kule chini kwenye joto. Bendera ilikuwa Hambagi, mwisho wa safari, pale tungegeuka kurudi. Ulisema tutakwenda zamu yetu ya maji ikipita.

Zamu yetu ikafika. Ulitoka alfajiri kwenda kufungua ndiva, ukasema bwawa limejaa, uliliona jana. Nikakuambia uvae sweta. Hilo ndilo neno la mwisho nililokuambia, vaa sweta. Ulifungua maji, migomba ikapata, mpaka ile ya chini kabisa, niliyaona maji yakipita nyuma ya jiko nikafurahi. Halafu ukakaa kwenye ukingo. Jua likapanda. Watu walipita kwenda mashambani wakakuamkia, shikamoo Mwalimu, wakapita. Mmoja aliniambia baadaye alisema moyoni, Mwalimu leo kachoka, hata kuitikia hataki, anafanya yale mazoezi yake ya Ulaya. Walikuacha upumzike. Wewe ndiye uliyewazoesha, kijiji kizima, kwamba Mwalimu akionekana amekaa asisumbuliwe. Hadi saa ya chai hakuna aliyekugusa. Mimi ndiye niliyepanda na kikombe.

Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Wanasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na mimi naitikia amina kwa kuwa mdomo umezoea. Nikifumba macho kuomba nakuta giza tu, hapana mtu upande wa pili. Jumapili nakwenda kanisani kwa sababu nisipokwenda watakuja hapa. Mchungaji anasema muda utaniponya. Muda upi? Asubuhi naamka nakumbuka, nafiwa upya, na jua bado halijatoka.

Na sasa nakaa, Baba Namsifu. Ulitaka nikae, nakaa. Jembe wamelichukua wanawake wa kanisa, maharage anapukuchua Namsifu, wanasema pumzika mama. Tangu asubuhi mpaka jioni niko kwenye kile kigoda karibu na mlango, mikono imelala mapajani, na hakuna anayeniuliza mbona nimekaa. Nimepata nilichokiomba. Kama ningejua kwamba bei yake ni hii, ningelima mpaka mikono ikatike.

Basi nikuambie la juzi, ndilo lililonifanya nikuandikie. Namsifu alikwenda bomani Same kuuliza habari ya pasi ya kusafiria. Unakumbuka pasi iliandikwa jina lako, na mimi nimo ndani yake kama mkeo, picha ni moja, tumekaa wote wawili. Karani akamwambia mwenye pasi akifa pasi imekufa, na mke aliyemo humo hana pasi. Ikabidi nitafute yangu, na picha yangu peke yangu. Namsifu akanipandisha kwenye lori la kahawa, tukashuka mpaka kwa yule Mhindi wa picha karibu na stesheni, yule yule aliyetupiga ile ya pasi. Chumba ni kile kile, pazia lile lile lenye maua, na benchi ni lile lile.

Nikakaa. Mhindi akaingiza kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi, akakitoa, akasema, "Mama, sogea katikati." Nikajitazama. Nilikuwa nimekaa pembeni kabisa, upande wa kushoto, pale pale nilipokaa siku ile na wewe. Sikukusudia. Nikasogea kidogo. Akasema bado. Namsifu akasema, "Mama, jamani, kidogo tu." Nikajaribu, nakuapia nilijaribu. Mwili ulikataa, ukawa mzito ukasema pale ni pa mtu. Mhindi alingoja kwa heshima, na treni ya Tanga ikapita ikitikisa chumba kizima, na mimi niko pale pale. Mwisho nikasimama. Nikamwambia Mhindi, "Baba, samahani, leo haitapigika." Namsifu alilipa hata hivyo, tukapanda lori mpaka Kisiwani. Halafu akanishika mkono akaanza kulia, akasema, "Nilitaka mama yangu abaki na kitu." Mtoto wako ni mwema.

Kwa hiyo jibu ni hili, na wewe ndiwe wa kwanza kulisikia. Siendi. Na ndugu zako wasidhani wameshinda, wala goti langu halimo katika hesabu hii. Ningefika Zuriki, Sista angenipeleka kwenye lile ziwa kwa mapenzi yake yote, ningekaa kwenye benchi la kweli, na ningekaa pembeni. Hapo pembeni yangu angekuja kukaa mzungu yeyote na gazeti lake, bila hata kuniuliza, kwa kuwa kwake pangekuwa ni pa wazi. Hilo siliwezi. Kesho nitamwandikia Sista, na nitamshukuru vizuri, na herufi kubwa zitakuwa mahali pake.

Nilidhani tulikuwa tunajifunza safari, kumbe tulikuwa tunasafiri. Laiti ungeniambia. Ningekaa Chome siku ya pili. Ningekula vile viazi polepole.

Bendera nitakwenda. Masika yakiisha, nitabeba koti lako mkononi katika joto lile, watu wacheke wakitaka, nami nitalala usiku zote ulizoipa Hambagi. Halafu nitarudi nyumbani. Sikudanganyi kwamba nitarudi nimejaa. Ndiva yangu imepasuka ukingo, na sijui fundi wa kuiziba. Nitarudi tu, kwa kuwa mlango uko huku.

Lala, Mwalimu. Maji yamefika mpaka migomba ya chini, hakuna wa kukuamsha tena. Nimemwambia Namsifu amwagize seremala anitengenezee benchi la kukaa hapa nje, mahali pa kigoda, nalo litazame kaburi lako. Watakuja watu, watanionea huruma, watataka kukaa nami. Na waje, nitawapa vigoda. Nitakaa upande wangu wa kushoto mpaka siku yangu ifike, nami nakuahidi hili, na nakuahidi hili tu: sitasogea katikati.

Mkeo,
Mama Namsifu