Wageni Wanaochunguza Ukoo

Mdogo wangu Wahiba, hapo Chamazi,

Mie mzima, hata papa ananikwepa. Wiki nzima nawazungusha wageni watatu kwa boti ya matanga, kandokando ya miamba, tena nimefumba macho! Ila hawaogelei, hawapigi picha. Kazi yao kuuliza: "Mzee Awadh, kwenu kuna wagomvi? Kuna wachawi?"

Si unanijua? Nikajimwaga: nimeacha wake saba, babu alifuga majini.

Jana mmoja kaniuliza, "Na Nawal anaswali?" Wakati mwanao sijamtaja hata mara moja! Hao si watalii, Wahiba. Wanatuchunguza kabla ya kuleta posa, na ungeniambia mapema.

Leo nimekula yamini mbele yao kwamba yote yale niliwadanganya. Wametazamana, wakaniuliza, "Na kiapo hiki, mzee?"

Kakako aliyefunga mdomo,
Awadh